Msamaha wetu una upendeleo: barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa mkoani Tabora

Kwa Baba Maaskofu, wenyeviti na makatibu wa majimbo, mapadre, wachungaji, wainjilisti, makatekista na wazee wenzangu wa makanisa yote mkoani Tabora.

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoa salamu zote mbili makusudi, asije mtu akasoma nusu ukurasa akasema hayo ni ya wale jirani zetu.

Mimi ni mama wa Urambo, mkulima wa tumbaku na mahindi, na mzee wa kanisa kwa miaka mingi sasa. Nimekaa kwenye mabaraza ya kusuluhisha ndoa, na kwenye vikao vya fedha vilivyofunguliwa kwa sala saa nane alasiri vikafungwa kwa kumulikiana tochi za simu. Sitamtaja mtu wala usharika, maana sikuandika ili kumvua mtu nguo. Lakini ninayoyasema nimeyaona.

Neno langu ni hili. Katika makanisa yetu mwenye nacho anasamehewa upesi, na asiye nacho hasamehewi, au akisamehewa basi kwanza adhalilishwe. Na kila kesi inapokuja mezani, anayehubiriwa ni aliyeumizwa. Aliyeumiza tunampa maji ya kunywa.

Kuna binti wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Akavuliwa joho, akazuiwa Meza ya Bwana, akakaa nje ya ushirika mpaka mtoto alipoanza kukaa. Siku ya kurudishwa kundini alisimamishwa mbele ya kanisa zima, mtoto mgongoni, akapewa karatasi aliyoandikiwa na wazee asome. Mtoto akaanza kulia katikati ya kusoma. Akataka kumshusha ambembeleze, mzee mmoja akamwonyesha kwa kidole: maliza kwanza. Akamaliza. Baba wa yule mtoto alikuwa amekaa upande wa wanaume, shati jeupe, anaimba pambio kama sisi wote, na hakuna aliyemuuliza hata siku moja ushirika wake ukoje.

Katika usharika huohuo, fedha za bati zilipotea. Zilikuwa za akina mama, waliozichanga kwa kuuza karanga na viazi vitamu vya kuanika. Aliyekuwa anazitunza ni mtu mwenye duka na pikipiki mbili, na kila harambee jina lake ndilo linatajwa la kwanza. Tuliitwa kikao. Mchungaji akasoma saba mara sabini, akaomba tusimame, tukashikana mikono, ikapigwa picha. Kesi ikaisha kabla chai haijapoa. Akina mama waliuliza bati ziko wapi, wakaambiwa huo ni moyo wa uchungu na washindane nao katika maombi. Jumapili iliyofuata yuleyule akasimama mbele kuongoza matoleo.

Watumishi wa Mungu, mnaona tofauti? Dhambi ya binti ilimletea mtoto, na mtoto ni mtu wa kanisa. Dhambi ya mwenye duka iliacha paa wazi, mvua za masika zikatunyeshea ibadani. Lakini aliyetubishwa hadharani ni yule asiyekuwa na cha kuchangia.

Tunajificha nyuma ya Mathayo 18. Naomba tuisome yote, siyo ule mstari mmoja wa saba mara sabini. Kabla ya mstari huo, Yesu ameeleza utaratibu mzima: mwendee ndugu yako mwonyane mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mmoja au wawili wawe mashahidi, asipowasikia hao, liambie kanisa. Kuna kuonyana hapo, kuna mashahidi, na kuna uwezekano kwamba mtu akagoma na kanisa likamchukulia kama mtu wa nje. Kisha unakuja mfano wa yule mtumwa aliyedaiwa talanta 10,000. Wadaiwa wote wawili katika mfano ule walianguka chini, wakakiri deni, wakaomba wavumiliwe. Hakuna aliyemwendea mfalme kumwambia asamehe wakati mdaiwa yuko zake nje anaongea na simu. Na zile dinari 100 za mtumwa wa pili hazikuwa hela ya chumvi. Dinari moja ulikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kwa hiyo ni vibarua vya zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakudharau deni la mtu. Na Luka 17 iko wazi zaidi: ndugu yako akikosa, mwonye; akitubu, msamehe. Kuonya kumetangulia, na ndiko tunakokuogopa, kwa sababu wa kuonywa ndiye aliyetununulia vipaza sauti.

Zakayo hakuishia kushikana mkono na Yesu. Alisimama nyumbani kwake, watu wanamwona, akasema nusu ya mali yake ni ya maskini, na kila aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile. Paulo naye, alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, alimwandikia kwamba kama kuna deni aliandike kwake yeye Paulo, atalilipa. Ndugu zetu Wakatoliki wanafundishwa tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza kwamba kitubio kina majuto, kina kuungama na kina malipizi, na kwamba aliyeiba anatakiwa kurudisha. Kwa hiyo hakuna dhehebu hapa Tabora linaloweza kusema halijui. Tunajua, ila tumezoea funika kombe mwanaharamu apite.

Sasa niingie kwenye tumbaku, kwa sababu huku kwetu ugomvi mwingi wa waumini unaanzia kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, hata kama unakuja kanisani umevaa nguo nyingine. Kwa asiyeishi huku: mkulima anachukua mbolea na pembejeo kwa mkopo kupitia chama, na mara nyingi wanachama wanadhaminiana. Soko likifunguliwa, deni linakatwa kabla hela haijagusa mkono wako. Sasa mwenzenu akitorosha marobota yake usiku akauza mlango wa nyuma, deni lake halifi. Linawaangukia ninyi. Mtu umelima, umechoma kuni kwenye bani la kukaushia tumbaku mpaka macho yamevimba, umepanga madaraja vizuri, halafu unapokea karatasi inayosema makato yamemaliza kila kitu. Hapo kuna watoto wa sekondari wanaorudishwa nyumbani, na kuna ndoa zinazovunjika.

Jumapili inayofuata aliyetorosha anakuja na sadaka ya shukrani. Mbuzi, kuku wawili, bahasha nene. Anashukuru kwa msimu mzuri. Nyuma yake wamekaa watu watano waliomlipia deni, na wanaambiwa wampigie makofi. Tukifika kwenye Sala ya Bwana tunasema wote kwa sauti moja utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. (Nimewahi kumsikia mzee mmoja pembeni yangu akinyamaza kabisa kwenye mstari huo, akaendelea na wa mbele. Sikumlaumu.)

Baba Askofu, Baba Mchungaji, sadaka ile msiipokee. Mathayo 5 inasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo, uende ukapatane naye kwanza. Najua kanisa lina mahitaji. Najua kuna mshahara wa mwinjilisti, kuna michango ya jimbo. Lakini mkipokea bahasha ile, mmeshatoa hukumu ya kesi kabla haijasikilizwa, na wale watano wameisikia.

Inawezekana kufanya vizuri. Nimeona mara moja kesi kama hiyo ikiendeshwa na mzee asiyejua hata kusoma vizuri. Alimwita aliyetorosha, akamuuliza mbele ya wenzake: ulitorosha marobota mangapi? Jamaa akazunguka weee, mwishowe akataja. Mzee akasema haya, na wenzako walikatwa kiasi gani? Wakaleta karatasi zao za makato, zikasomwa moja moja na mjukuu wa mzee. Hakukuwa na maombi mpaka karatasi ya mwisho iliposomwa. Wakakubaliana alipe kwa misimu miwili, sehemu kwa mahindi, sehemu kwa kulima mashamba yao. Mahindi yalipimwa kwa debe, uani kwa mzee, kila mtu anaona. Mke wa mmoja wao alikuwa ameuza baiskeli yake ya Phoenix kufidia ada ya mtoto. Watu wakamzunguka, mama samehe, mama achilia. Akajibu: "Nimemsamehe tangu zamani, lakini baiskeli naitaka." Wote tukacheka, na jamaa mwenyewe akacheka, na baiskeli ikanunuliwa. Msimu wa pili ulipoisha, ni wale wale waliodhulumiwa waliomsindikiza mbele ya kanisa. Leo wanadhaminiana tena.

Yule mama alitenganisha mambo mawili ambayo mimbarani tunayachanganya kila Jumapili. Moyo wake ulikuwa umeshaachilia. Haki yake ilikuwa bado inadai. Moja haliui lingine. Vivyo hivyo mtunza fedha aliyeiba anaweza kusamehewa kabisa, akala Chakula cha Bwana, akaimba, akazikwa na kanisa siku yake ikifika, na bado asipewe tena funguo za sanduku. Kumnyima funguo siyo kinyongo.

Kuna jambo jingine zito katika mkoa wetu na mikoa ya Usukuma, nalo linaingia makanisani kimyakimya. Bibi vizee wanasingiziwa uchawi. Wengine wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote waliyotupikia. Namjua mjane aliyenyooshewa kidole kwenye ibada ya maombezi, kipaza sauti kikiwa wazi, kwamba ndiye anayemla mtoto wa jirani. Mtoto alipopelekwa hospitali akatibiwa akapona, waliomsingizia walikwenda kuomba radhi. Walikwenda usiku. Uani kwake, kwa kunong'ona, na mchungaji akiwa nao akimsihi asirudishe mambo nyuma. Alisamehe. Ila mpaka leo akipita dukani watoto wanaitwa ndani. Kosa lilitangazwa kwa spika, toba ikaletwa kwa mnong'ono. Hata kwenye misiba yetu, mtani Mgogo anawaambia wafiwa ukweli ambao baraza zima la wazee limeshindwa kuusema, na anausema mbele za watu! Lililosemwa ibadani lifutwe ibadani, kwa kipaza sauti kilekile, na mtu yuleyule.

Na kuna yale ambayo si ya kanisa kuyamaliza. Nasema kama mwanamke na kama mzee wa kanisa. Mama anakuja jicho limefungana kwa kipigo, tunamsomea vumiliana na kusameheana, tunamrudisha nyumbani kabla giza halijaingia ili mume asikasirike. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria hiyohiyo ndiyo inayotaka, kwa kawaida, mgogoro wa ndoa upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani, na jumuiya za dini zinaweza kupewa mabaraza hayo. Kwa hiyo tukikaa pale hatufanyi mchezo. Mwanamke anaweza kumsamehe mumewe akiwa amelala kwa kaka yake, mlango umefungwa, na mume yuko polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, anaandika maelezo. Msamaha hauhitaji alale chumba kimoja na anayempiga.

Mtoto akiharibiwa, ndiyo kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Hakuna mahali ilipoandika isipokuwa mchungaji, isipokuwa katekista, isipokuwa mzee wa kanisa. Familia mbili zikikaa sebuleni na mtumishi wa Mungu katikati, zikapeana ng'ombe na kuomba, mtoto hakuulizwa. Tumesamehe kwa niaba yake, na haki hiyo hakuna aliyetupatia.

Wamoravian mtanielewa kirahisi nikiwakumbusha ya kwenu, na wengine mvumilie. Kanisa lenu limefika Urambo mwaka 1898, na kila mwaka mnaikumbuka tarehe 13 Agosti. Waliokusanyika Herrnhut, Ujerumani, kwenye ardhi ya mtawala mdogo aitwaye Zinzendorf, walikuwa wakimbizi waliokimbia mateso kwa ajili ya imani, na hata hivyo waligombana mpaka wakakaribia kusambaratika. Zinzendorf alihamia kwao, akawatembelea, akazungumza nao, na tarehe 12 Mei 1727 wakatia sahihi makubaliano ya jinsi ya kuishi pamoja. Ushirika ule wa Berthelsdorf, ambao watu walilia na kukumbatiana, ulikuja tarehe 13 Agosti. Katikati kuna miezi mitatu ya kuzungumza na kuonyana. Sisi tunataka Agosti bila Mei. Tunataka machozi na kukumbatiana Jumapili, wakati Jumamosi hakuna aliyekaa chini kuuliza nani alimfanya nini nani.

Afrika Kusini, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi, walijaribu kitu cha namna hiyo kwa nchi nzima kupitia Tume ya Ukweli na Maridhiano, Askofu Mkuu Desmond Tutu akiwa mwenyekiti. Aliyetaka msamaha wa kisheria alitakiwa aeleze yote aliyoyatenda. Walioomba walikuwa zaidi ya 7,000 na wengi wakakataliwa. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kwenye kulipa: walioumizwa walisubiri mpaka mwaka 2003 kutangaziwa randi 30,000 kwa kila mmoja. Ukweli walipewa, bati hawakupewa.

Nisiwe kama nawatetea walioumizwa tu. Upendeleo huu unawala na wakosaji maskini. Kuna kijana aliiba ng'ombe, akafungwa, akamaliza kifungo chake, akarudi. Mahakama imemmaliza, mwenye ng'ombe amemmaliza, wamekula pamoja. Kanisa halijammaliza. Akikaa benchi, mikoba inavutwa. Aliomba kurudi kwaya, akaambiwa asubiri, na hakuna aliyemwambia asubiri nini. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu wa namna hiyo adhabu aliyopewa inatosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Mwenye duka hakusubiri hata wiki. Huyu anasubiri tangu lini?

Na ninyi viongozi, tuwaseme kidogo kwa heshima. Tunajifunza msamaha kwa kuwaangalia. Mchungaji na mwinjilisti wake hawasalimiani, usharika mzima unajua, na wote wawili wanapanda mimbarani kutuhubiria upatanisho. Wakubwa wakigombania kiwanja au cheo, wanaburutana mahakamani miaka, na waumini wanatakiwa wachague upande. Mkipatana, na sisi tuambieni mlipatanaje, nani alikiri nini. Itatufundisha kuliko semina.

Kwenye kufundisha, tusianze na watu wazima. Watoto wa kipaimara wanakariri amri kumi na imani, na ni vizuri, lakini hakuna aliyewahi kuwafundisha namna ya kuomba radhi: kutaja kosa bila kuongeza "kama nimekukwaza", kuuliza nirudishe nini, kukaa kimya mwenzako akiwa bado na hasira. Jumuiya ndogondogo na ibada za nyumba kwa nyumba zinafaa sana kwa hili, maana watu ni wachache na wanajuana. Kwenye mabaraza ya wazee, naomba kila kesi isikilizwe kwanza aliyeumizwa, na katika daftari tuandike kilichotendeka, kinachorudishwa na lini. Neno "wamesameheana, wameombewa" peke yake lisifunge kesi. Na kama binti anatengwa, mwenzake naye aitwe. Kama hatuwezi kumwita, tusimtenge binti. Mtu asisomeshwe karatasi ya toba akiwa na mtoto mgongoni.

Aliyeumizwa akisema bado, mwacheni. Msimwekee siku. Yusufu aliwaandalia ndugu zake chakula nyumbani kwake akawapima moyo kwanza, na hakuna anayesema Yusufu alikuwa na roho mbaya.

Naomba mambo haya yaingie kwenye ajenda za vikao vya wazee vya msimu huu, kabla masoko ya tumbaku hayajafungwa. Baada ya hapo hela itakuwa imeisha mikononi, na aliyekuwa tayari kulipa atabaki na maneno tu.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa,
Urambo, Tabora